Motokari inakunywa alkoli? Dawa za kuongeza mu esansi, na wakati gani ziko na lazima

Mu maduka ya piesi za motokari hapa Lubumbashi, kuanzia Kenya mpaka katikati ya muji, unakuta chupa ndogo zimepangwa karibu na filtri na mafuta ya moteri. Moja inasema inasafisha enjekteri, ingine inatosha maji mu tangi, ingine inaongeza nguvu, na ingine inakinga moteri juu ya ubaya wa etanoli. Hii ya mwisho njo inasumbua watu. Mwenye motokari anaona alama ya E10 karibu na kifuniko cha tangi ya motokari yenye ilitoka Ubelgiji. Mwingine anarudi safari ya Harare, motokari inakohoa, na fundi anamwambia: esansi ya siku hizi iko na pombe ndani, ununue dawa.

Jibu la haraka ni hili: kwa motokari nyingi zenye zinatembea mu muji huu, hapana, hauna lazima ya dawa ya etanoli. Lakini kuna motokari na mashini zingine zenye etanoli inaweza kuumiza kweli, na kuna ugonjwa mwingine wa esansi, wa hapa hapa, wenye watu wanaita etanoli kumbe haiko etanoli. Inafaa tutenganishe.

Etanoli ni alkoli. Ni ileile yenye iko mu bia na mu lutuku, haina ingine. Mu viwanda wanaitosha mu miwa, mu mahindi, mu mihogo. Inchi zenye kuwa na sukari mingi zinaichanganya na esansi juu ya kupunguza dola zenye zinatoka inje kununua mafuta. Herufi E na namba inaonyesha kiasi: E5 ni asilimia 5 ya etanoli, E10 ni asilimia 10, E20 ni asilimia 20. Huko Brazil esansi ya kila siku ilikuwa na asilimia 27 tangu 2015, na 2025 wakapanda mpaka 30. Motokari za kule zinatengenezwa kwa ile kazi, kwa hiyo shofere wa São Paulo hawazi hata kidogo juu ya dawa.

Esansi yetu inapitia wapi

Haut-Katanga haina raffinerie. Mafuta yetu inashuka mu meli, zaidi ku Dar es Salaam, inapanda na malori kupitia Tunduma na Nakonde, inavuka Zambia na inaingilia Kasumbalesa. Sehemu ingine inapitia upande wa kusini, kuanzia Beira ao Durban. Tanzania haina sheria yenye kulazimisha stasio zichanganye etanoli, na Congo vilevile. Zambia iliweka mpango mu 2011 wa kuruhusu etanoli mpaka asilimia 10, lakini mpango ku karatasi ni kitu kimoja na esansi ya kila siku ku pompi ni kitu kingine. Kwa hiyo ukijaza tangi ku stasio ya kawaida hapa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, hakuna sababu ya kuamini kama umepewa E10.

Kwenye utakutana na etanoli kweli ni ukivuka Chirundu. Zimbabwe ilijenga kiwanda kikubwa cha etanoli ya miwa kule Chisumbanje, na tangu 2013 sheria inalazimisha esansi yenye inauzwa mule ichanganywe. Kiasi kinapanda na kushuka kufwatana na mavuno na akiba ya kiwanda: ilianza na 5, imefika 10, 15, kuna wakati imefika 20. Ile inchi iko na mazoea ya zamani, juu ilianza kuchanganya mu 1980 kule Triangle, ikaendelea mpaka ukame wa mwaka wa 1992 ulipoharibu miwa. Malawi pia inachanganya tangu 1982, na etanoli ya Dwangwa, kisha kiwanda cha pili kikaanza kazi mu 2004. Kenya ilijaribu kuanzia 1983, na etanoli ya Muhoroni, ikaacha kisha miaka kumi hivi.

Kwa wasomaji wetu wa Ituri na Kivu ya Kaskazini, mambo iko tofauti kidogo. Mafuta yao mingi inapitia Uganda, na Uganda ilipitisha sheria ya biofueli mu 2020 yenye inaruhusu kuchanganya mpaka asilimia 20. Kwa hiyo kule swali la etanoli linaweza kufika ku pompi kwa nguvu zaidi kuliko huku kwetu. Namna ya kupima tutaeleza chini, inafaa pande zote.

Na tusisahau motokari zenyewe. Zile zenye zilifanya miaka mingi Ulaya ao Marekani kabla ya kuuzwa huku zimekwisha kunywa etanoli maisha yao yote. Ufaransa iliingiza E10 mu 2009. Ubelgiji, esansi ya 95 ya kawaida ikawa E10 mu 2017. Marekani karibu esansi yote ni E10. Motokari ya namna hii, kuiuzia dawa ya kuikinga na etanoli hapa Lubumbashi, kwenye etanoli haiko mu pompi, ni sawa kuuzia mutu wa Moba dawa ya kuzoea samaki.

Etanoli inafanya nini mu moteri

Tuanze na kitu chenye kila shofere anasikia mu mufuko. Litri moja ya etanoli iko na nguvu ya moto kidogo kuliko litri moja ya esansi, karibu theluthi mbili tu. Tuseme motokari yako inatembea kilometa 450 na tangi ya litri 45. Na E10 itatembea karibu 435. Na E20, karibu 420. Hii tofauti haiko ugonjwa, na hakuna chupa yenye inaweza kuirudisha, juu nguvu yenyewe haimo mu litri. Mwenye kukuahidi kama matone ya dawa yake yatarudisha kilometa zile, umuulize nguvu ile inatoka wapi.

Upande mwingine, etanoli iko na okteni ya juu, ku 108 hivi, kupita esansi. Kwa hiyo moteri haigongi. Dawa ya kuongeza okteni juu ya esansi yenye etanoli ni kutupa franga mara mbili. Tena Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari. Hewa iko nyepesi, na moteri ya kawaida isiyo na turbo inaomba okteni kidogo kuliko kule Dar es Salaam. Na zile dawa za okteni zenyewe, zingine ziko na manganizi ao chuma ndani. Zinaacha rangi nyekundu ku buji na zinachafua katalizeri. Kuna na ile mazoea ya kutupa mabolo ya nafitalini mu tangi, zile za kufukuza mende mu nguo. Esansi ikipunguka mu karburateri, nafitalini inarudia kuwa unga mugumu mu vitundu vidogo. Acha.

Etanoli iko tena na tabia ya kuosha. Motokari yenye ilikaa miaka na esansi ya kawaida iko na uchafu chini ya tangi na mu tiyo. Tangi ya kwanza ao ya pili ya E20 inaufungua ule uchafu, unakwenda kukwama mu filtri. Njo ile motokari inatoka Harare vizuri, na ikifika Kapiri Mposhi inaanza kukosa pumzi mu mulima. Fundi anasema etanoli imeharibu moteri. Mara mingi filtri njo imejaa, na filtri mupya inamaliza kesi. Nikipaswa kuchagua kitu kimoja cha kubeba mu safari ya kusini, nitaacha chupa zote na nitabeba filtri.

Shida ya kweli iko ku mipira na vyuma vya zamani. Etanoli inafanya mipira fulani ivimbe, ingine inakauka na kupasuka. Inakula zinki, magneziamu, na sehemu zingine za aluminiamu mu karburateri. Motokari zenye zilitengenezwa kwa enjekteri kuanzia miaka ya 1990 kuendelea, viwanda vingi vilikwisha kubadilisha ile mipira. Lakini kuna zenye viwanda vyenyewe vinakataza. Toyota, kwa mufano, mu Ulaya inakubali E10 kwa modeli karibu zote tangu 1998, lakini inatoa inje zile Avensis za miaka ya 2000 mpaka 2008 zenye moteri ya D-4, ile ya kusukuma esansi moja kwa moja mu silinda. Mitsubishi inakataza kwa moteri zake za kwanza za GDI. Hapa kwetu kuna motokari zingine za Japani zenye moteri za namna ile, na wenyewe hawajui juu volani iko kuume na kitabu kiko mu Kijapani. Ukiona maandishi D-4 ao GDI ku kifuniko cha moteri, na unaenda Zimbabwe, ujaze kabisa Zambia mbele ya kuvuka, na usinunue mingi kule.

Kwa motokari ya Ulaya iko rahisi: kuanzia mwezi wa 10 mwaka wa 2018, motokari mupya ziko na kibandiko karibu na kifuniko cha tangi, muzunguko wenye kuandikwa E5 na E10 kwa esansi. Kwa mazuti kibandiko kiko na pembe ine. Na kwa sababu tumetaja mazuti: habari yote hii haiwagusi. Pickup ao lori ya mazuti haina mambo na etanoli.

Motokari yenye iko na karburateri, ile Corolla ao Peugeot ya zamani yenye bado inafanya kazi ya taksi, inakutana na kitu kingine tena. Etanoli kidogo inafanya esansi iruke kuwa mvuke haraka zaidi. Mu mwezi wa 10, wakati joto limepanda mbele ya mvua, esansi inachemka mu tiyo karibu na moteri na motokari inakatala kuwaka ikiwa moto. Dawa yake ni kungojea ipoe, na kusogeza tiyo mbali na joto. Chupa haifanyi kitu.

Maji, njo adui mwenyewe

Hapa tukae kidogo, juu ni hapa dawa nyingi zinauzwa na ni hapa watu wengi wanadanganywa.

Esansi safi na maji havipendane. Ukitupa maji kidogo mu tangi ya esansi ya kawaida, inashuka chini na inakaa pale. Etanoli inapenda maji. Mu E10 maji kidogo inayeyuka ndani na inapita mu moteri bila shofere kujua. Ni jambo zuri. Lakini kuna kipimo. E10 inaweza kubeba karibu mililitri 5 za maji kwa kila litri, wakati wa joto ya kawaida. Kwa tangi yenye litri 40 ndani, hiyo ni mililitri 200, sawa kikombe cha chai. Ukipita pale, etanoli inaacha esansi, inashikana na maji, na vyote viwili vinashuka chini pamoja. Sasa chini ya tangi, kwenye pompi inavuta, hauna tena esansi: uko na maji na pombe. Na esansi yenye imebaki juu imepoteza okteni yake. Moteri inazima.

Baridi inafanya kipimo kile kipunguke. Asubui ya mwezi wa 6 ao wa 7 hapa Lubumbashi, wakati watu wanavaa makoti, esansi yenye ilibeba maji yake vizuri muchana inaweza kuachana usiku. Tena kuna kitu chenye watu hawawazi: ukirudi na nusu tangi ya E15 yenye imekwisha kunywa maji mingi, kisha unaongeza nusu ya esansi ya Kasumbalesa isiyo na etanoli, umepunguza etanoli mu tangi lakini maji ni yaleyale. Kipimo kinaanguka. Esansi zote mbili zilikuwa nzuri peke yake, na mu tangi yako zimeachana.

Sasa, kuna dawa ya kurudisha esansi yenye imekwisha kuachana? Hapana. Ili kurudisha maji ndani ingeomba kuongeza alkoli kavu mingi sana, si kachupa ka mililitri 300. Kazi inafanyika kwa mikono: kutosha yote mu tangi, kubadilisha filtri, kujaza esansi safi.

Ukisoma vizuri nyuma ya chupa za «kutosha maji», utaona ndani yake kuna alkoli: izopropanoli, mara zingine metanoli. Yaani wanakuuzia alkoli ya kubeba maji. Kama esansi yako ni E10, alkoli ile iko mule tayari, zaidi ya litri 4 mu tangi ya litri 45. Chupa ya robo litri inaongeza nini? Kama esansi yako haina etanoli na ulipata maji kidogo tu, chupa ya izopropanoli inaweza kusaidia mara moja. Ile ni kazi yake ya haki, na inaishia pale. Metanoli iko mubaya zaidi kwa vyuma na mipira, na ni sumu kwa mutu. Chupa yenye haisemi ndani kuna nini, uirudishe ku duka.

Na mwenye anawaza kutumia alkoli ya famasi ya 70: ile 30 yenye inabaki ni maji. Umeongeza maji mu tangi. Lutuku tusiseme hata. Hata ile ya moto inayowaka ku kidole iko na maji mingi kupita kiasi. Kwa kutosha maji kabisa mu alkoli, kupika peke yake haitoshi, hata ukipika mara kumi: inafika karibu 95 ao 96 kwa mia na inakwama pale. Viwanda vinapitisha mvuke mu vichujio vya pekee ndiyo ifike 99 na zaidi, ile yenye inafaa kwa esansi. Lutuku ina kazi zake zingine.

Chupa zingine, na ukweli wake

Zile za kusafisha enjekteri ziko na msingi. Ndani yake kuna sabuni za pekee, ile nzuri zaidi inaitwa kwa kifupi PEA, yenye inavumilia joto na inaondoa uchafu ku midomo ya enjekteri. Marekani inalazimisha esansi yote iwe na sabuni kidogo tangu miaka ya 1990, kwa hiyo shofere wa kule anaipata ku pompi. Kwa motokari yenye imenunua esansi mu mabido miaka mbili, chupa moja ya PEA inaweza kurudisha moteri kutembea laini. Uifanye kilometa mia chache mbele ya kubadilisha mafuta ya moteri, juu sehemu ya ile sabuni inateremka mule. Lakini hii haina uhusiano na etanoli. Ni kazi ya usafi, na ingefaa hata kama etanoli haikuwa imevumbuliwa.

Zile za kuzuia kutu: watengenezaji wa etanoli ya motokari wanaiweka tayari mbele ya kuiuza, kufwatana na kanuni za viwanda. Kuongeza ya pili hakubadilishi kitu. Zile za kurudisha risasi, plomb, kwa moteri za zamani sana, ziko na maana kwa wachache wenye motokari za mbele ya miaka ya 1980, juu Afrika yote kusini ya Sahara iliacha esansi ya plomb kufikia mwanzo wa 2006. Tena si habari ya etanoli.

Chupa nyingi zinaandika kama zimeandikishwa na EPA, shirika la Marekani lenye kulinda mazingira. Maneno ile inapendeza macho. Kuandikishwa kule kunaomba mutengenezaji aseme ndani kuna nini. EPA haipimi kama dawa inafanya kazi yenye inaahidi, wala haiipendekezi. Ni sawa motokari kuwa na plaki: haionyeshe kama freni ziko nzuri.

Kadhafi, bido, na pétrole

Tuseme wazi. Mara mingi motokari ikikohoa hapa Lubumbashi, sababu iko mu bido. Esansi ya barabara, kwa wale tunaita Kadhafi, imepita mu mikono mingi: tangi ya lori, pipa, bido ya njano yenye ilikuwa na mafuta ya kula, chupa. Mu mvua kila kifuniko ni mulango wa maji. Na kuna wenye wanaongeza pétrole, ile ya taa. OCC inapima mafuta yenye inaingia, lakini haiwezi kupima kila chupa ku kona ya Katuba ao Ruashi. Hakuna chupa ya dawa yenye inabadilisha pétrole kuwa esansi.

Kuna vipimo viwili vyenye unaweza kufanya wewe mwenyewe. Ufanyie inje, mbali na makala yenye kuwaka, na sigara hapana. Kwanza juu ya pétrole: tia tone moja la esansi ku karatasi nyeupe safi na ungoje dakika chache. Esansi safi inaruka na karatasi inabaki kavu bila alama. Kama kunabaki duara la mafuta, kuna kitu kizito ndani.

Pili juu ya etanoli. Tafuta chombo cha kioo chenye mistari ya mililitri, chembamba na kirefu. Weka mililitri 10 za maji, fanya alama pale yanaishia, kisha ongeza esansi mililitri 100. Funga, tikisa dakika moja, fungua polepole kutosha mvuke, ukiache kitulie dakika kumi. Maji yataonekana chini. Kama yamebaki 10, hakuna etanoli. Kama yamepanda karibu na 20, umeshika E10 hivi, juu maji yamevuta alkoli yote. Kama yamepita pale sana, ni E15 ao zaidi. Kipimo hiki kinaonyesha alkoli ya kila namna, etanoli na metanoli sawasawa, na hakionyeshi pétrole. Njo maana inafaa kufanya vyote viwili. Ile esansi ya kipimo usirudishe mu tangi, na usimwange mu kaniveau. Chombo kile kisirudi mu jikoni.

Grupu ya nyumba, na tronsonezi

Kama kuna mahali nitakubali mutu anunue dawa, ni hapa. Wakati SNEL inakata, kila avenue inasikia grupu. Kisha umeme unarudi kwa mwezi ao miezi mbili, na grupu inakaa mu kona na esansi ndani. Esansi inazeeka: sehemu nyepesi inaruka, ingine inageuka kuwa gundi ya rangi ya kahawia mu karburateri. Hii inafika na etanoli ao bila etanoli, lakini etanoli inaongeza maji na kutu, juu tangi za grupu ndogo hazifungi vizuri sawa za motokari. Dawa ya kutuliza esansi, yenye inazuia kuzeeka, inafanya kazi kama unaiweka mu esansi ingali mupya. Ukiiweka mu esansi yenye imekwisha kunuka rangi ya kupaka, umechelewa.

Lakini kuna njia ya bure. Funga robinet ya esansi na uache grupu itembee mpaka izime yenyewe: karburateri inabaki kavu, na hakuna gundi. Esansi yenye imebaki mu tangi, uimwange mu motokari wakati ingali nzuri. Bido ya akiba uinunue ndogo, yenye inaisha mu mwezi, na uijaze karibu mpaka juu ili hewa ya unyevu isipate nafasi kubwa.

Wenye tronsonezi, wale wanakata miti ya makala upande wa Kasenga na Kipushi, wako na hatari moja zaidi. Moteri ya namna ile inakunywa esansi yenye imechanganywa na mafuta ya moteri. Etanoli na maji vikiachana na kushuka chini, mafuta inabaki juu pamoja na esansi. Moteri inavuta kutoka chini, inapata pombe na maji bila mafuta, na pistoni inashika mu dakika chache. Kwa hii mashini, ukinunua esansi ya kusini ya mupaka, uipime mbele, na kama iko na alkoli, uipatie motokari.